Maneno Yaliyopoteza Vichwa

Katika kazi ya ualimu mtu hufundisha mengi, na mengine hufundishwa. Habari nitakayowasimulia ni ya namna hii ya pili, nayo yanihusu mimi mwenyewe, wala si kwa sifa.

Mwaka mmoja, katika darasa langu la sita hapa Tanga, aliingia mtoto wa Kidigo kutoka vijiji vya upande wa Mkinga. Baba yake alikuwa amehamia mjini kwa ajili ya kazi, naye akamleta mwanawe shuleni kwetu. Alikuwa mtoto wa adabu, mwenye macho mepesi ya kuona mambo, na hesabu alizijua kupita wenzake wengi. Juma la kwanza niliwapa watoto waandike insha ya safari ya sokoni. Nikiwa nasahihisha usiku nikakuta katika daftari lake maneno haya: "Atu wengi walikuwa wakinunua samaki, na ana walikuwa wakicheza kando ya mashua."

Nilicheka. Nanyi nisameheni, maana nilikuwa nimechoka, na mwalimu aliyechoka hutafuta kitu cha kumchekesha. Kama ningaliishia hapo, habari hii isingalikuwapo. Lakini asubuhi yake niliisoma sentensi ile mbele ya darasa zima, nikasema, "Mwenzenu huyu leo hakupata uji nyumbani kwao, naye kwa njaa amekula herufi. Ameila w ya watu, na alipoona haijamtosha, akaila na ya wana." Darasa likacheka mpaka madawati yakatikisika. Na tangu siku ile, uwanjani na njiani, watoto hawakumwita tena kwa jina lake, bali walimwita "Atu."

Yeye hakulia wala hakushitaki. Alinyamaza tu. Mkono wake, uliokuwa wa kwanza kuinuliwa wakati wa hesabu, haukuonekana tena. Insha zake zikapungua: kutoka ukurasa mzima zikawa nusu, na kutoka nusu zikawa mistari minne, yenye maneno machache aliyokuwa na hakika nayo, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga yale mawe aliyokwisha kuyajaribu tu. Mimi niliyaona hayo, nikajiambia ya kuwa ni mgeni, atazoea.

Yapata miezi miwili baadaye nilikuwa nafundisha maneno ya umoja na wingi. Nikaandika ubaoni: ubao, mbao, ubavu, mbavu, udevu, ndevu, ulimi, ndimi. Kisha nikaandika: ukuni, kuni, ufunguo, funguo, ukucha, kucha, ushanga, shanga, utambi, tambi. Nikawaambia wayanakili. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye ana tabia ya kuuliza (tabia njema, ijapokuwa humchosha mwalimu), akasimama akasema, "Mwalimu, ubao ukipata wenzake huvaa m, na udevu ukipata wenzake huvaa n. Mbona ukuni haupati kitu? Huvua ile u yake ukabaki uchi."

Nikamjibu, "Ndivyo kilivyo Kiswahili." Akaketi. Lakini nilimwona usoni ya kuwa hakuridhika, na kwa kweli mimi pia sikuridhika. Jibu la "ndivyo kilivyo" ni jibu la mtu asiyejua, aliyevaa kanzu ya mtu ajuaye.

Jumamosi ile nilikwenda Bonde kumwamkia bibi yangu. Wenye kuijua nchi yetu wajua ya kuwa ukitoka Tanga mjini ukaelekea magharibi, huchukui muda mwingi kabla ya kufika katika vilima vya Muheza, penye michungwa na minazi, na huko ndiko kwa Wabondei, kabla hujaiona milima ya Usambara imesimama mbele yako. Nilimkuta bibi ameketi barazani anachambua mboga. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akaniitikia, "Marahaba, mume wangu," kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, kisha akamgeukia mtoto wa jirani akamtuma alete kuni za kupikia. Lakini hakusema "kuni." Alisema "nkuni."

Neno lile nimelisikia maelfu ya mara. Nimekua nalo. Lakini siku ile lilinipiga kama jiwe, hata nikasimama na mfuko wangu begani. Nkuni! Ubao, mbao, udevu, ndevu, ukuni, nkuni. Ile n aliyoitafuta binti yule darasani ilikuwa imekaa jikoni kwa bibi yangu siku zote, na mimi mwalimu mwenye cheti nilipita nikaiacha.

Hapo nikakumbuka jambo jingine, ambalo nilikuwa nimelizika. Nilipoletwa mjini kusoma, nikiwa na umri wa miaka kumi, nilisema "nkuni" kama bibi. Watoto wa mjini walinizunguka wakaniiga kwa kufinya pua zao. Basi kila usiku, kabla ya kulala, nilijizoeza kwa siri kutamka neno lile bila n, mpaka nikaweza. Na bibi alipokuja mjini kunitazama, akaanza kuzungumza nami mbele ya wenzangu, nilimjibu kwa Kiswahili, nikajifanya kuwa simwelewi vizuri. Yeye hakusema neno. Lakini toka siku ile, kila alipokuja mjini, alizungumza nami kwa Kiswahili chake cha kujikwaa.

Hivyo ndivyo nilivyotendewa, na hivyo ndivyo nami nilivyomtenda yule mtoto wa Kidigo.

Usiku ule nililala kwa bibi, nikakaa na daftari chini ya taa nikiandika maneno kwa safu. Haya niyaandikayo hapa mengine niliyaona usiku ule, na mengine nilikuja kuyasoma baadaye, kwa kuwa wako wataalamu waliokwisha kuyachunguza zamani sana. Lakini mambo mengi ninyi wenyewe mwaweza kuyajaribu kwa vinywa vyenu, bila ya kitabu.

Chukueni nyumba. Twasema nyumba nzuri, nyumba ndefu, nyumba mbaya, nyumba ndogo. Mwaona ya kuwa kila sifa imevaa n au m mbele yake, kwa sababu nyumba ni neno la ngeli ya n. Sasa semeni: nyumba kubwa, nyumba pana, nyumba fupi, nyumba chafu, chai tamu, pilipili kali. Ile n imekwenda wapi? Tazameni vizuri herufi zilizofuata. Mbele ya b, d, g, j, v na z, ambazo hutoka na mvumo kooni, n au m imebaki. Mbele ya p, t, k, ch, f na s, ambazo hutoka kwa pumzi tupu bila mvumo, imeanguka. Haikuanguka siku moja, wala hakuna mtu aliyeamuru. Babu walikuwa wakiisema, watoto wao wakaisema kidogo, wajukuu wakaisikia kama pumzi ya puani tu, na vitukuu hawakuisikia kabisa, nao wakadhani ya kuwa tangu zamani neno lilikuwa "kuni."

Hata hivyo, iliyoanguka imeacha nyayo. Kwanza, katika maneno mafupi yenye silabi moja tu ya shina, imekataa kuondoka. Twasema nyumba kubwa na nyumba pana, lakini twasema nyumba mpya, wala hatusemi "nyumba pya." Twasema nchi, na nta ya nyuki. Kwa nini hizi zimesalimika? Kwa sababu katika Kiswahili uzito wa sauti huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno "nchi" silabi hiyo ni n yenyewe. Sauti iliyobeba uzito wa neno haianguki upesi, kama vile nguzo ya katikati haiondolewi na nyumba ikabaki imesimama.

Pili, katika vinywa vya wazee wa pwani, hasa kwa watu wa Mvita, n iliyokufa imeacha pumzi yake. Sisi twaandika "paa" kwa maana mbili: paa la nyumba, na paa mnyama wa mwituni. Lakini msikilizeni mzee wa Mvita. Akitaja paa la nyumba, p yake ni kavu. Akitaja paa mnyama, p yake hutoka na pumzi nyingi; ukiweka kiganja mbele ya kinywa chake utaisikia. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Yule mnyama na yule wa baharini ni wa ngeli iliyokuwa na n. N imekwenda, na pumzi imebaki mlangoni. Edward Steere, aliyekuwa askofu wa Unguja, aliipambanua sauti hii katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichopigwa chapa mwaka 1870. Lakini katika maandishi yetu ya kila siku haina alama, na watoto wengi wa mjini hawaijui tena. Nadhani itapotea nayo.

Jumatatu nilipoingia darasani niliwaeleza watoto habari ya kuni, nikawaambia ya kuwa nimeipata jikoni kwa bibi yangu. Yule binti alifurahi kama mtu aliyelipwa deni. Kisha nikaandika ubaoni neno moja peke yake: mtu.

Nikawauliza, "Neno hili kwenu husemwaje?" Tanga, kama mjuavyo, ni mji wa watu wengi. Mtoto wa Kibondei akasema kwao ni "muntu," na wengi ni "wantu." Wa Kishambaa na wa Kizigula wakasema hivyo hivyo. Palikuwa na mtoto mmoja ambaye wazazi wake ni Wahaya, kutoka Bukoba kando ya ziwa, akasema, "Kwetu ni omuntu, na wengi ni abantu." Nikawaambia ya kuwa Waganda nao husema omuntu na abantu, na hata Wazulu wa Afrika ya Kusini watu wengi huwaita abantu. Mtaalamu mmoja, jina lake Wilhelm Bleek, alipoona ya kuwa neno hili lafanana katika lugha nyingi mno, alizitia lugha hizo zote chini ya jina moja, Bantu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1862. Jina la jamaa yetu yote ya lugha, tokea Kameruni mpaka Afrika ya Kusini, ni neno la "watu" tu.

Basi tukayapanga ubaoni kama ngazi: omuntu, muntu, mtu. Katika ngazi ya kwanza liko lote na o yake mbele. Katika ngazi ya pili o imeanguka. Katika ngazi ya tatu n ya katikati imeanguka, na u ya "mu" imemezwa, midomo ikafunga juu ya m tupu. Zamani u hiyo haikuwa imemezwa yote. Wazee wa mashairi huirudisha hata sasa mizani ikiwapungukia, na kwa sababu hii mtaona katika vitabu vya kale maneno kama "muja" na "muungwana" yametimia.

Hapa yafaa niwaonye. Msidhani ya kuwa Kiswahili kimezaliwa na Kihaya, au Kihaya ni babu na Kiswahili ni mjukuu. La, hasha. Hao ni ndugu, nao wote wana mama mmoja aliyekufa zamani sana, asiyeacha hata barua moja. Ila katika ndugu mmoja huwa na pua ya mama, na mwingine macho yake. Kihaya kimeshika sauti za mbele ambazo sisi tumeziacha. Na sisi huenda tumeshika mengine ambayo wao wameyaacha. Kwa kuwaweka ndugu wote pamoja twaweza kuikisia sura ya mama. Carl Meinhof, Mdachi, alifanya kazi hii kwa lugha nyingi za Afrika, akatoa kitabu chake mwaka 1899.

Kisha nikasema, "Yuko mmoja ambaye hatujamsikia." Darasa lote likageuka likatazama nyuma. Yule mtoto wa Kidigo akainamisha kichwa. Nikaenda mpaka dawatini pake, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Siku ile nilipokucheka mbele ya wenzako, nilikosa. Nami nilichekwa hivyo hivyo nilipokuwa mdogo kama wewe. Nakuomba radhi." Kwetu si desturi mtu mzima kumwomba mtoto radhi, na watoto walinyamaza kimya hata ukaweza kusikia kunguru juu ya bati. Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Si neno, Mwalimu." Nikampa chaki.

Akaenda ubaoni. Akaandika kwa herufi nzuri: mutu. Na mbele yake: atu.

Nikawaambia watoto watazame. Abantu, wantu, watu, atu. Hapo kale ilikuwa b. Midomo ikalegea, b ikawa w. Sisi tukaishia hapo. Wadigo, na jamaa zao Wagiriama, wakaendelea hatua moja, w nayo ikalegea ikatoweka, ikabaki a peke yake. Yule mtoto hakula herufi. Herufi ile ilikuwa imekwisha kwenda kabla babu yake hajazaliwa, nayo ilikwenda kwa njia ile ile ambayo kwayo n yetu ilikwenda. Kama yeye ni mla herufi, sisi sote tumeketi katika sinia moja.

Binti wa mbele akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "basi ile a ya Wadigo ni ile ile a ya mbele ya abantu?" Nikafurahi mno kwa swali lile, maana ni mtego ambao hata mtu mzima hunaswa. Nikamwambia, sivyo. A ya mbele ya "abantu" ni sauti ya ziada iliyokaa mbele ya "ba." A ya "atu" ni mabaki ya ile "ba" yenyewe baada ya b kuondoka. Zafanana kwa sura kama watu wawili wanaofanana njiani na wala si ndugu.

Ndipo mtoto mmoja wa kiume, ambaye alikuwa wa kwanza kumwita mwenzake "Atu," akanyoosha kidole ubaoni akasema, "Lakini Mwalimu, tazama, yeye ana u. Ameandika mutu. Sisi ndio tulioila." Na kweli ilikuwa hivyo, nami sikuwa nimeiona. Mtoto wa Kidigo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu miezi miwili.

Tuliendelea na habari hii siku kadhaa, hata nikachelewa katika jiografia. Tukaona ya kuwa "ulimi" wetu ni "olulimi" kwa Waganda. Kwa hiyo Kiswahili kimeangusha o, kisha kikaangusha na l ya "lu," mpaka ikabaki u. Tukaona pia jambo la ajabu katika maneno kama tunda, jani na kosa. Maneno haya yameanguka vichwa kabisa, lakini twasema, "Tunda hili limeiva." Ile "li" imetoka wapi? Ndiyo kichwa cha zamani. Neno lenyewe limekivua, lakini wafuasi wake bado wanakivaa, kama vile askari wavaavyo alama ya mfalme aliyekwisha kufa. Wayao hata leo husema "liso" kwa jicho. Mwenye jino, jicho na jina naye amebaki na kipande cha kichwa, yaani j ile ya mbele, kwa sababu ile ile ya nchi na nta: mashina yake ni mafupi.

Msidhani ya kuwa mambo haya yalikwisha zamani. Sikilizeni njiani. Mtu hasemi "amekwisha kwenda", husema "keshakwenda." Ile "a" na ile "me" zimeachwa nyuma, na k imejifanya kichwa kipya. Mtu hasemi "ninaomba", husema "naomba." Maneno ya kigeni nayo, yakishuka tu pwani, hunyolewa kichwa. Hospitali wengi huiita "spitali." Katika karne iliyopita kabla ya ile ya 1900 wafanyabiashara wa Amerika walileta Unguja nguo za pamba zisizotiwa rangi, na watu wa pwani wakaziita amerikani, wengine merikani, na nchi yenyewe leo twaiita Marekani, wala hakuna aulizaye ile a ya mbele imezama bahari gani. Kwa upande mwingine, katika maneno ya Kiarabu mara nyingine tumeshika kichwa kisicho cha neno. Kile "al" cha alfajiri na alasiri kwa Waarabu ni kipande cha kutangulia tu, lakini sisi tumekishona na neno likawa vazi moja.

Wala Wazungu hawakusalimika. Mwanafunzi wa Kiingereza hushangaa kuona neno la kisu, knife, limeandikwa kwa k isiyotamkwa. Waingereza wa kale waliitamka. Yapata miaka 300 na zaidi iliyopita wakaiacha kinywani, lakini wapiga chapa walikuwa wamekwisha kuiweka kitabuni, ikabaki huko. Wadachi, ndugu zao, katika neno lao la goti, Knie, bado huitamka k mpaka leo. Naona hapo Wabondei na Wadachi wana jambo moja la kuongea, ijapokuwa hawakuwa na maneno mengi mema baina yao zamani zile.

Kiswahili hakikubeba mizigo ya namna hiyo katika maandishi. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na lugha ya Unguja ikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu. Na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ili tahajia iwe moja. Walichagua kuandika yanayosikika, na hilo lilikuwa jambo jema kwa mtoto anayejifunza kusoma. Kama wangaliamua kuandika nkuni, nkubwa na omuntu kwa heshima ya mababu, nadhani nusu yenu mngalitoroka shule. Lakini kila chaguo lina gharama. Wa Mvita alipoteza alama ya pumzi yake, na Mbondei na Mdigo waliambiwa na walimu kama mimi ya kuwa wanakosea, hali walikuwa wanasema sawasawa katika lugha nyingine.

Sitawadanganya. Katika mtihani andikeni watu, wala msiandike atu. Kiswahili cha vitabu ni mali ya wote, na kila mali ya wote ina masharti yake. Nimeendelea kusahihisha tangu siku ile kama nilivyosahihisha zamani. Lakini daftari sikulisoma tena kwa sauti pasipo idhini ya mwenyewe.

Bibi nilimrudia mwezi uliofuata. Nikaketi naye jikoni, nikaanza kuzungumza naye kwa Kibondei, kwa shida, maana ulimi ulikuwa umeshika kutu. Nilikosea mara nyingi. Alinitazama kwa muda mrefu bila ya kusema, kisha akanicheka, akayarudia maneno yangu kwa kuyasahihisha moja moja, naye alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi. Nilipoondoka alinifungia machungwa.

Na yule mtoto, juma la pili baada ya siku ya chaki, nilimwomba yeye na wenzake waandike insha juu ya kazi ya baharini. Alinipa kurasa mbili na nusu. Aliandika jinsi alivyokwenda na mjomba wake kwenye miamba wakati wa maji kupwa, wakiwa na fimbo yenye ncha ya chuma, kutafuta pweza. Jinsi walivyoliona tundu lililozungukwa na magamba ya kaa, ndiyo dalili ya kuwa mwenyewe yumo. Na jinsi maji yalivyoanza kurudi nao bado wanavutana naye. Katika mstari wa tatu palikuwa na "atu wengi." Nilitia mstari mwekundu chini yake, nikaandika juu yake herufi moja, w, kisha nikaendelea kusoma upesi, kwa kuwa nilitaka kujua kama yule pweza alipatikana.